Ufukwe wa Nungwi na Waliopita Juu Yake

Mgeni akifika Unguja huonyeshwa historia Mji Mkongwe. Hupitishwa Forodhani na Ngome Kongwe, akasimamishwa mbele ya milango ya nakshi, akapelekwa Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Mji huo uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na heshima hiyo unaistahili. Baada ya hapo mgeni hupakiwa garini, akaendeshwa kiasi cha kilomita 60 kuelekea kaskazini, akateremshwa Nungwi apunge upepo. Kwa hesabu ya wengi, historia imebaki mjini. Huku ni mchanga na maji tu.

Hesabu hiyo ina kasoro. Nungwi ni makazi ya zamani ya mabaharia, wavuvi na mafundi wa vyombo, na kwa karne nyingi kila nahodha aliyetoka kaskazini kuja Unguja hakuwa na budi kuipita rasi yake. Watu wake hawakujenga majumba ya ghorofa. Walijenga vyombo, na chombo kikishashuliwa hakibaki mahali kilipozaliwa kikasubiri kupigwa picha. Kwa hiyo anayetaka kuijua Nungwi sharti atembee kwa miguu, pamoja na mwenyeji, na afadhali maji yakiwa yametoka. Njia yenyewe si ndefu: huanzia Mnarani, ikafuata pwani hadi kwa mafundi, ikapita dikoni, ikaingia mitaani, ikaishia kwenye hoteli za upande wa magharibi. Nusu siku inatosha kwa miguu. Kwa hadithi haitoshi.

Mnarani

Mnara wa taa wa Ras Nungwi ulijengwa zama za Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Mgeni huutazama kwa nje tu, lakini ukisimama karibu nao unaelewa mara moja kwa nini ulijengwa pale. Mashariki kuna kisiwa cha Mnemba na miamba yake. Magharibi kuna Tumbatu. Mbele yako ni mkondo mpana wenye mawimbi, na ng'ambo yake, umbali wa kiasi cha kilomita 50, ni Pemba. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Uhindi yalishuka na upepo huo yakielekea kusini. Kusi ikigeuka, yalipanda tena na shehena zao. Ncha hii ya Unguja ndiyo waliyoiona mwanzo walipokuja, na ndiyo waliyoiacha nyuma mwisho walipoondoka.

Chini ya mnara kuna bwawa la maji ya bahari lililozungukwa na mawe ya matumbawe, maji yakiingia na kutoka kwa kufuata kujaa na kupwa. Ndani yake huogelea kasa. Tangu mwaka 1993 wenyeji wamekuwa wakiwatunza humo kasa wanaonaswa kwenye nyavu, pamoja na watoto wao, kisha kuwarudisha baharini. Mgeni hulipa kiingilio, akawalisha mwani, akaondoka amefurahi. Mwenyeji mwenye kujua kazi yake humzuia hapo dakika chache zaidi, kwa sababu kasa ndio mlango wa hadithi yote.

Katika karne ya 1, Mgiriki mmoja aliyeishi Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha kuwaongoza wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Ndani yake alikitaja kisiwa alichokiita Menouthias, kisiwa kilicho karibu na bara, chenye miti mingi. Watu wake, alisema, wana vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja, na huvitumia kuvulia samaki na kukamatia kasa. Wataalamu wangali wanabishana iwapo alikusudia Unguja, Pemba au Mafia. Ubishi huo tuwaachie wenyewe. Linalotuhusu ni kwamba maelezo ya kale kabisa ya visiwa vyetu yaliyoandikwa yanaanza na mambo mawili, vyombo na kasa, na yote mawili Nungwi ingali nayo mpaka leo.

Kasa alikuwa riziki. Nyama yake ililiwa, na magamba ya ng'amba yaliuzwa mbali kwa ajili ya vitana, visanduku na mapambo. Kumlinda ni mawazo ya juzi, na hayakuingia kwa urahisi. Kuna wanaomla bado, ingawa wengine hulipa kwa roho zao: Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Pale Mnarani mvuvi amejifunza kwamba kasa aliye hai humlisha kwa miaka mingi, na aliyechinjwa humlisha siku moja. Mabadiliko ya namna hiyo hayaletwi na ubao wa tangazo. Yameletwa na wavuvi wenyewe kuona faida kwa macho yao.

Tumbatu na magofu

Mwenyeji akikunyooshea kidole upande wa magharibi, anakuonyesha kwao. Wengi wa watu wa asili wa Nungwi ni Watumbatu, na Watumbatu wanajulikana pwani nzima kwa ubaharia wao. Kisiwa chao kiliandikwa mapema. Mwanajiografia Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, aliitaja Unguja kwa jina la Languja, akaeleza kwamba watu wake walikuwa wamehamia kisiwa kingine kiitwacho Tumbatu, na kwamba wakazi wake walikuwa Waislamu. Magofu ya Makutani, kwenye ncha ya kusini ya kisiwa hicho, yana msikiti na nyumba za mawe za karne za kati, mji kamili uliokuja kuhamwa. Kinachobaki leo ni kuta zilizoingiliwa na mizizi.

Upande wa Unguja, katika njia ya kutoka Mkokotoni kwenda Nungwi, kuna magofu mengine mawili: Fukuchani na Mvuleni. Yote ni nyumba za mawe za karne ya 16, zenye kuta nene, matao na vishubaka, na ua uliozungushiwa ukuta wenye matundu madogo. Pale Mvuleni pana pango lenye maji. Kwa muda mrefu watu wameyaita magofu ya Wareno, na waongozaji wengi huwaambia wageni hivyo hadi leo. Waakiolojia waliochunguza ujenzi wake wanasema ni nyumba za Waswahili wenye mali, zilizojengwa kwa ufundi uleule unaoonekana mahali pengine pwani. Fukuchani, chini ya kiwango cha nyumba hiyo, kumefukuliwa pia mabaki ya kijiji cha wavuvi na wafanyabiashara cha tangu karne ya 6, chenye vigae vya vyungu na vitu vilivyotoka ng'ambo.

Jambo hili si dogo. Kila ukuta mnene ukipewa Mreno, kila mlango wa nakshi Mwarabu na kila mnara Mwingereza, mwenyeji anabakiwa na nini? Anabaki mlinzi wa mali za wengine katika nchi yake mwenyewe. Mwongozaji anayesimama Fukuchani akasema "hii ni nyumba ya watu wetu" hajisifu. Anasema lililothibitishwa.

Wareno walikuja kweli, na walikuja kwa nguvu. Mwaka 1503 Rui Lourenço Ravasco aliteka vyombo kadhaa karibu na Unguja, akapigana na watu wa mtawala wa kisiwa hicho, akawatoza kodi ya dhahabu kila mwaka. Kwa karne moja na nusu baadaye Wareno walishika hapa wakaachia pale, bila kuacha mengi yaliyojengwa kwa mikono yao katika kaskazini ya kisiwa. Waomani waliishambulia Unguja mwaka 1652, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698, enzi ya Wareno upande huu wa pwani ilikuwa imekwisha.

Karafuu, watumwa na doria

Karne ya 19 ndiyo iliyoifanya bahari iliyo mbele ya Nungwi kuwa njia yenye msongamano na yenye hatari. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, mashamba ya karafuu yakaenea Unguja na Pemba, na mashamba yalitaka mikono. Mikono hiyo ilitoka bara kwa minyororo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini, lakini Pemba haikuumia sana. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu, na ndiyo iliyohitaji watumwa zaidi, wakati huohuo ambapo biashara yao ilikuwa inapigwa marufuku.

Mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash mwezi Juni 1873 ulifunga soko la Mkunazini na kukataza watumwa kupitishwa baharini. Biashara haikufa siku ile, ilijificha. Huko Mangapwani, katika pwani ya magharibi, chumba kilichochimbwa ndani ya jiwe kinaonyeshwa hadi leo kuwa mahali watu walipofichwa wakisubiri kuvushwa usiku. Waingereza walitia nanga bandarini Unguja manowari kuukuu, London, na mashua zake zikafanya doria baina ya Unguja na Pemba hadi mwaka 1883. Chombo kilichotoka kusini kwenda Pemba kikiwa na watu chini ya sitaha kilikuwa na usiku mmoja wa kubahatisha katika maji haya.

Desemba 1881 nahodha wa manowari hiyo, Charles Brownrigg, alikuwa na mashua yake ndogo ya mvuke karibu na Pemba alipoliona jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Alisogea ili atazame hati zake. Jahazi lilikuwa na watumwa ndani, na watu wake wakafyatua bunduki. Brownrigg aliuawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Bendera ile ilikuwa na kisa chake: manahodha wengi, hasa wa Sur kule Oman, walijipatia hati za Kifaransa kwa kuwa Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na Waingereza. Shauri la bendera hizo lilifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague mwaka 1905. Kufikia wakati huo utumwa wenyewe ulikuwa umefutwa kisheria Unguja na Pemba, kwa amri ya mwaka 1897.

Mwongozaji mwaminifu halisemi hili kwa kunong'ona. Bahari iliyobeba karafuu, nazi na tende ilibeba pia watu waliouzwa, na vyombo vilivyowabeba vilichongwa na mafundi wa pwani hiihii. Kuwasifu mafundi hao huku tukikwepa shehena kunaifanya historia iwe tangazo la biashara.

Kwa mafundi

Ukitoka Mnarani ukafuata mchanga, hukawii kusikia nyundo. Vyombo vimeegemezwa kwa magogo chini ya vivuli vya makuti: mashua, madau, na mara nyingine jahazi kubwa lililosimama kama nyumba isiyoezekwa. Hapa hapana ramani ya kujengea. Fundi huanza kwa kulaza mkuku. Mbele na nyuma husimamisha fashini, moja ya omo na moja ya tezi, na kutoka hapo jicho ndilo linalopima. Mataruma, mbavu za ndani zinazoshika mbao, hayapindwi kwa moto wala kwa mashine. Hutafutwa yakiwa yamekwisha kupinda yenyewe katika matawi ya mwembe, mfenesi au mtondoo, na fundi mzuri akiutazama mti uliosimama huliona taruma ndani yake.

Sogea karibu, lakini mwamkie kwanza: "Shikamoo mzee," naye atakujibu "Marahaba" bila kuinua macho. Ameshika tezo, na kila akiishusha, ubao unatoa ganda jembamba lililojikunja. Kando yake kijana anatoboa kwa keekee. Ni uta ambao kamba yake imezungushwa kwenye kijiti chenye ncha ya chuma; ukivutwa mbele na nyuma, ncha inazunguka, na unga wa mbao unamwagika. Tundu hutangulia ili msumari usiupasue ubao. Msumari wenyewe huvishwa nyuzi za pamba zilizochovywa mafuta kabla haujapigiliwa. Mbao zikishakaa, huja kazi ya kalafati: pamba iliyolowa mafuta husukumwa katika kila uwazi kwa patasi butu, pole pole, chombo kizima, mpaka maji yakose pa kupenyeza. Sehemu itakayozama hupakwa deheni ya chokaa na mafuta ya mnyama, kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Baadhi ya mafundi siku hizi wana drili ya umeme. Mpangilio wa kazi haujabadilika.

Vyombo vya zamani havikuwa na msumari hata mmoja. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba na kubeba tanga la mkeka, ulisafiri pwani hii mpaka karne ya 20 ilipoanza, kisha ukatoweka. Mwaka 2003 ulijengwa mfano wake mkubwa ukawekwa Beit al-Ajaib mjini. Sehemu ya jumba hilo, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ngalawa yenyewe, ambayo Nungwi inatumika kila siku, ina ukoo wa mbali: mirengu yake miwili ya ubavuni inahusishwa na mabaharia waliotoka visiwa vya upande wa Indonesia na kuvuka Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita.

Siku ya kushua chombo si ya fundi peke yake. Husubiriwa bamvua, maji yanapopanda juu kabisa. Husomwa dua, hutolewa sadaka, chakula kikapikwa. Kisha kamba zinafungwa, magogo yanatandikwa chini ya mkuku, na watu wanavuta kwa kuitikiana, wazee na vijana. Malipo yao ni pilau na heshima. Mwenye chombo aliyeishi vibaya na jirani zake huijua siku hiyo thamani ya ujirani.

Dikoni

Asubuhi dikoni kuna kelele za mnada. Nguru, jodari, changu, pono na kolekole hutupwa mchangani, mnadi akapaza bei, na mwenye fedha akaondoka na fungu lake. Wachuuzi wanaopeleka samaki mjini husimama ubavuni mwa mpishi wa hoteli, na mpishi ndiye anayepandisha bei. Kina mama husubiri dagaa na samaki wadogo. Wao pia ni watu wa bahari: maji yakitoka huenda miambani kuchokoa pweza, na maganda ya nazi huyafukia majini mpaka yaoze, wakayaponda na kusokota kamba ya usumba. Historia ikiandikwa kwa manahodha peke yao, kazi hizi hazionekani, ilhali bila kamba hiyo hakuna tanga lililopanda.

Diko hilo lina siku yake ya msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo ulio mbele ya Nungwi. Ilikuwa imepakia watu wengi kuliko uwezo wake, pamoja na mizigo. Wavuvi wa Nungwi walitoka na boti zao, na wapiga mbizi wa hoteli wakatoka na zao. Zaidi ya watu 600 waliokolewa. Zaidi ya maiti 200 ziliopolewa, na mamia wengine hawakupatikana tena. Majeruhi na maiti waliletwa kwenye mchanga huuhuu ambao siku nyingine watalii hulala kuota jua. Wazee wana methali kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Lakini meli hii haikuzamishwa na kudra peke yake. Ilizidishiwa abiria na watu wenye majina na vyeo. Chini ya mwaka mmoja baadaye, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe.

Mitaani na kwenye hoteli

Ukiiacha pwani ukaingia ndani, Nungwi inabadilika. Njia ni za mchanga na mawe, nyumba zimeelekezana vibaraza, watoto wanatoka chuoni na juzuu mkononi. Ardhi hapa ni maweni: udongo kidogo juu ya jiwe la matumbawe. Karafuu haikuota, kwa hiyo wenye mashamba makubwa wa karne ya 19 hawakuitamani. Watu walilima mihogo, mtama na kunde katika vishimo vya udongo, wakapanda minazi karibu na pwani, na riziki nyingine wakaitafuta baharini. Umaskini wa ardhi uliwalinda.

Ulinzi huo uliisha mara tu mchanga wenyewe ulipopata bei. Katikati ya miaka ya 1980 Zanzibar ililegeza biashara na kuwakaribisha wawekezaji. Sheria ya kulinda vitega uchumi ikatungwa mwaka 1986. Wageni wa mwanzo waliofika Nungwi walikuja na mabegi mgongoni, wakalala katika vibanda vya makuti na kula walichokula wenyeji. Baadaye zikaja nyumba za wageni, kisha hoteli za mawe, kisha kuta.

Hapa ndipo historia ya nchi ilipokutana na historia ya ufukwe. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 iliendeleza msingi huo: mtu hupewa haki ya kutumia. Kwa desturi, kilichokuwa cha mtu ni miti yake. Kwa hiyo mwekezaji alipokuja, familia nyingi zililipwa fidia ya minazi. Mnazi ulihesabiwa kwa nazi zake. Bahari inayoonekana chini ya mnazi huo, ambayo ndiyo hasa iliyokuwa ikinunuliwa, haikuhesabiwa kwa mwenye mnazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 jambo hilo lilikaribia kufika ukingoni. Kampuni moja ya kigeni ilikubaliana na Serikali kukodishwa rasi ya Nungwi kwa mradi uliotajwa kuwa wa dola za Marekani bilioni 4: hoteli kubwa, viwanja vya gofu, uwanja wa ndege na bandari ya mashua za anasa. Watu wapatao 20,000 walikuwa wakiishi katika eneo hilo. Mradi ulipigiwa kelele ndani na nje ya nchi, na haukujengwa. Vijana wengi wa Nungwi leo hawajui kwamba mji wao uliwahi kuchorwa upya kwenye karatasi.

Kilichokuja badala yake kilikuja kidogo kidogo. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na sehemu kubwa yao hukanyaga mchanga wa Nungwi na Kendwa kwa sababu huko maji hayakimbii mbali kama pwani ya mashariki. Ufukweni utawakuta papasi wakiuza safari za Mnemba, Wamasai wakiuza shanga mamia ya kilomita kutoka malishoni kwao, na wahudumu wa hoteli kutoka Bara na Kenya. Wapo wenyeji waliojenga nyumba kwa fedha hiyo, waliosomesha watoto na waliobadilisha ngalawa kuwa boti ya mashine. Wapo pia waliobaki wakichungulia kwa nje. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Nungwi wamepona baadhi.

Mvutano wa mavazi nao haujapoa. Mtalii akitoka baharini na vazi la kuogelea akakatiza mitaa mchana wa Ijumaa, anaona amekata njia tu. Bibi aliyekaa barazani anaona ametukanwa nyumbani kwake. Agosti 2021 Serikali ilitangaza faini ya dola 700 kwa mgeni asiyevaa kwa staha hadharani, na ikawaonya pia wanaowatembeza. Faini ina nafasi yake, ila mwongozaji anayesema neno moja mapema huzuia mengi zaidi.

Linalobaki kufanywa

Tukiitazama njia yote, kutoka mnara hadi ukuta wa hoteli ya mwisho, jambo moja halibadiliki: Nungwi imeishi kwa ufukwe ulio wazi. Wakamata kasa, mafundi, wavuvi, wasuka kamba, waokoaji wa mwaka 2011 na wapokea wageni, wote walihitaji mahali pa kufikia maji bila kuomba ruhusa ya mtu. Leo mafundi wa vyombo wanafanyia kazi katika kipande kilichobanwa na hoteli pande mbili. Kikichukuliwa, hawatakuwa na pa kuhamia, kwa kuwa chombo hakijengwi mbali na maji. Na mafundi wakiondoka, elimu yao itaondoka nao, maana haikuandikwa popote.

Serikali na halmashauri ya Kaskazini 'A' wakitaka kuitendea haki Nungwi, waanze kwa kuipimia sehemu ya mafundi na diko, waiandike kisheria kuwa ya mji, isikodishwe kwa yeyote. Kamisheni ya Utalii iwafundishe waongozaji historia ya Fukuchani, Tumbatu na biashara ya utumwa kwa ukweli wake, wasiachwe kurithishana hadithi za Wareno. Vijana wenye simu za kurekodi wakae na mafundi wazee sasa, kabla ya maziko. Nawe msomaji, siku utakapokwenda Nungwi, usiishie kwenye kiti cha ufukweni. Mtafute mwenyeji, umlipe haki yake, mtembee. Ufukwe huu una wenyewe, na wenyewe wapo.